Dele la bibi limekwenda kwa dau moja tu: nimekosea wapi kwenye mnada wa mtandaoni?

MwanaKibokoni
Salaam aleikum. Nina jambo linaniuma, anayejua anifunze.

Bibi mzaa mama alipofariki, baada ya arubaini tukagawana vitu vya nyumba. Mimi nikaangukiwa na dele la kahawa la shaba, lile la mdomo mrefu, masinia mawili ya nakshi na kikopo cha pesa za zamani. Ndugu yangu anasoma na karo inadaiwa, ikabidi niuze. Nikaliweka dele kwenye mnada wa ng'ambo, siku saba, bei ya kuanzia dola 5, kwa sababu kila mahali niliposoma waliandika kuwa bei ya chini huvuta watu. Kabla ya kupiga picha nililisugua kwa ukwaju na ndimu mpaka nikajiona usoni mwake. Nikaandika kichwa: birika la zamani la shaba kutoka Kenya, kwa Kiingereza. Watu 31 wakaweka alama ya kulifuatilia.

Siku ya mwisho likatiwa dau moja. Limekwenda kwa dola 5, nauli juu ya mnunuzi. Madele ya namna hiyo nimeyaona yakiuzwa zaidi ya dola 100.

Nimekosea wapi? Na je, naweza kuuvunja mnada?

Nahodha77
Pole kwa msiba. Kosa ni bei ya kuanzia, usitafute jengine. Kitu cha shaba cha dola 5, mtu anajua ni cha bati kilichopakwa rangi. Ungeanzia 80. Asiyeitaka 80 si mnunuzi wako.

DadaNyali
Nahodha, hapo sikubaliani nawe. Mimi nauza kamera na lenzi zilizotumika, mwaka wa nne sasa, na nyingi naanzia chini kabisa. Mtu akishatia dau mara moja anakiona kitu kama chake, na ukimpokonya anarudi. Nikianzia juu, hiyo mara ya kwanza haiji. Ila lenzi za kampuni kubwa wanazitafuta watu wengi kila siku. Dele wanalitafuta wangapi?

Fundi_Makupa
Kwani huna binamu? Ungemwambia afungue akaunti atie dau la dola 60, basi. Huko kwenye vikundi vya simu ndivyo wanavyofanya wote.

UstadhBondeni
Fundi, hilo lina jina lake, ni najash, na Mtume (s.a.w.) amelikataza waziwazi: kupandisha bei ya kitu usichokusudia kukinunua, ili mwengine ahadaike. Na hata ukiiweka dini kando, mitandao ya mnada imeipiga marufuku hila hiyo na hufunga akaunti kwa ajili yake.

Mnada wenyewe ni halali. Imepokewa kuwa Mtume aliuza nguo na bakuli kwa niaba ya mtu mmoja, kwa kuuliza nani atazidisha. Kuuvunja ndiko kubaya. Ulitangaza bei, mtu akakubali, muda ukaisha. Mpelekee dele lake.

MwalimuHesabu
Ustadh kamaliza upande wa haki. Mimi niseme upande wa hesabu, maana naona wengi hawajui mtambo ule unavyopanga bei.

Mnunuzi haandiki bei anayotaka kulipa. Anaandika kikomo chake, tuseme dola 90. Mtambo unakificha, kisha unampandishia kidogo kidogo, tena pale tu anapotokea mwengine wa kushindana naye. Bei ya mwisho inatoka kwa mtu wa pili, na juu yake kidogo tu. Huyu wako huenda aliandika 90. Wa pili hakuwepo, kwa hiyo bei ikalala pale pale penye 5. Dola 5 si thamani ya dele. Ni habari kwamba alikuwa peke yake.

Mwanauchumi William Vickrey aliichambua minada ya namna hii mwaka 1961, kabla ya intaneti kuwepo. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996 na akafariki siku chache tu baada ya kutangazwa.

Swali basi si bei ya kuanzia peke yake. Yule wa pili alikuwa wapi?

MtotoWaLikoni
Alikuwa amelala! MwanaKibokoni, uliliweka saa ngapi?

MwanaKibokoni
Saa nne asubuhi, Jumatano. Ahsante Ustadh, nimekusikia. Nitalipeleka, ingawa roho inauma.

MtotoWaLikoni
Basi ndiyo hiyo. Mnada wa siku saba huisha saa ile ile ulipoanza. Saa nne asubuhi hapa kwetu, London wako nyuma kwa saa tatu, yaani saa moja wanapiga mswaki. New York ni saa tisa ya usiku. Ulilinadi dele mbele ya mji mzima uliolala.

WakalaKilindini
Rekebisho kidogo. London huwa saa tatu nyuma yetu wakati wao wa baridi. Sasa hivi ni kiangazi kwao, wamesogeza saa, kwa hiyo ni saa mbili tu. New York ni saa saba kiangazi na nane baridi. Sisi hatusogezi, ndiyo maana hesabu inabadilika mara mbili kwa mwaka na watu wanachanganyikiwa. Ukitaka mnada uishe saa tatu ya usiku London kwa majira haya, ufungue saa tano ya usiku Mombasa. New York itakuwa saa kumi jioni. Jumapili ndiyo siku ninayoipenda, watu wako nyumbani.

Nahodha77
Saa haina maana siku hizi. Mwalimu kasema mwenyewe, mtu anaandika kikomo chake mapema na mtambo unamfanyia kazi. Na wako wenye programu za kutia dau sekunde ya mwisho wakiwa usingizini.

MwalimuHesabu
Nahodha, ingekuwa watu wanafuata hesabu ungekuwa sahihi kabisa. Lakini Alvin Roth na Axel Ockenfels waliwatazama wanunuzi wa kweli, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2002. Walilinganisha eBay, ambako mnada hufungwa dakika iliyopangwa, na minada ya Amazon ya wakati ule, ambako dau likiingia mwishoni muda ulisogezwa dakika kumi mbele. Kwenye eBay madau yalirundikana dakika za mwisho mno kuliko Amazon. Na jambo linalokuhusu wewe: kwenye vitu vya kale watu walisubiri mwisho kuliko kwenye kompyuta. Sababu moja ni kwamba mjuzi wa vitu vya kale akitia dau mapema anawafichulia wengine kuwa hicho kitu kina thamani. Ananyamaza, anangoja.

Wafuatiliaji wako 31, sijui ni wangapi kati yao walikuwa wanangoja hivyo. Mtoto wa Likoni hajakosea sana.

MtotoWaLikoni
Umeona Nahodha? Leo nimepewa haki na Mwalimu mzima.

Nahodha77
Kasema hujakosea SANA. Soma tena.

MzeeSarafu
Wanangu, nimesoma yote na hakuna aliyegusa kilichonishtua mimi. Amelisugua kwa ukwaju! Najua tumelelewa hivyo, Idi ikikaribia shaba yote ya nyumba inatolewa uani na kila mtoto na ndimu yake. Lakini mkusanyaji wa vitu vya kale anautaka ule weusi. Ndio umri wenyewe. Ukiutoa, dele la miaka tisini na la mwaka juzi yanafanana pichani.

Sasa nakuomba, kile kikopo cha pesa usikiguse. Pesa ikisuguliwa thamani yake huanguka, na weusi ule haurudi. Una nini mle?

MwanaKibokoni
Shikamoo mzee. Sijazigusa. Ziko tatu za shaba zenye mizani na maandishi ya Kiarabu, moja ya shaba imeandikwa 1888 na jina la kampuni ya Kiingereza, na moja kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke, 1780.

MzeeSarafu
Marahaba. Zenye mizani, tazama mwaka. Ukikuta 1299 ni ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, hijria, sawa na 1882 hivi. Ya 1888 ni ya Kampuni ya Imperial British East Africa, hiyo ndiyo wakusanyaji wanaiorodhesha chini ya jina la Mombasa. Ile ya mwanamke ni Maria Theresa. Usiandike kwamba ni ya mwaka 1780! Malkia alikufa mwaka huo huo na pesa ile ikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile miaka na miaka baadaye. Andika kilichoandikwa juu yake, piga picha pande zote mbili na ukingo, muache mjuzi aamue.

Na la pili, zito zaidi. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, ukitoa vitabu na hati. Hicho hakitoki nchini bila kibali. Pesa zako hizo nyingi zinaingia humo. Milango na fremu za nakshi za kabla ya 1946 nazo zinalindwa, nasema kwa kuwa humu nimeona mtu akitafuta mnunuzi wa mlango. Anzia kuuliza watu wa makavazi pale Ngomeni, Fort Jesus, kabla hujatangaza chochote.

Fundi_Makupa
Mzee, kwa pesa moja ya shaba mtu aende Ngomeni?

MzeeSarafu
Aende. Ni mwendo wa dakika tano kutoka Kibokoni. Mji wa Kale umeshatolewa vitu vya kutosha, milango, masanduku, viti vya enzi. Nimeviona vikitoka tangu utoto wangu na havikurudi.

UstadhBondeni
Umenena, mzee wetu.

BiLeso
Jamani, mimi naona mnazunguka. Kichwa! Mwanangu kaandika birika. Nani ng'ambo anatafuta birika la Kenya? Wenye kuyapenda hayo huyaita kwa Kiarabu, dallah. Ukiandika neno hilo, wanalolitafuta kila usiku, utawaona hao wa pili na wa tatu anaowatafuta Mwalimu.

Nilijifunza kwa hasara. Niko Biashara Street, nina leso za zamani alizoziweka mama sandukuni, nyengine zina alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla. Za mwanzo niliandika leso, maana Mombasa hatusemi vyengine. Wiki tatu kimya. Mpwa wangu akanambia huko wanasema kanga, tena wengine huandika khanga. Nikaandika yote matatu, nikaongeza vipimo, na jambo nililolidharau kabisa: jina, yale maneno yaliyochapwa kwenye leso. Nililinakili jina kama lilivyochapwa, nikaeleza kwa Kiingereza maana yake na huambiwa nani, wifi, mke mwenza, jirani. Mama mmoja wa Ujerumani na mwengine wa Marekani wakagombania leso moja mpaka nikaona haya. Walikuwa wanalipia maneno, nguo ni ziada.

DadaNyali
Bi, hili la jina limenigusa. Ila ulipiga picha vipi, umeitandaza yote?

BiLeso
Yote, pindo na mji, yaani ile sehemu ya kati, vionekane, kisha karibu penye jina, kisha penye doa. Doa nalionyesha na shilingi pembeni, mtu ajue ukubwa wake.

WakalaKilindini
Hapo penye doa niongeze la kwetu bandarini. Magari mengi yanayoshuka hapa Kilindini yamenunuliwa mnadani Japani. Mnunuzi wa Mombasa hajaligusa gari, hajalisikia injini. Anachokisoma ni karatasi ya ukaguzi: alama, 4.5, 4, 3.5, au R kwa lililogongwa likatengenezwa, na mchoro wa gari wenye herufi kila penye mkwaruzo au bonde. Gari lenye mikwaruzo kumi iliyoandikwa linauzwa bila wasiwasi. Gari lisiloandikwa kitu, watu wanaliogopa, au wanatia dau la chini wakijua watakuta balaa ndani. Na wengi wao wanalipia kwa imani ya karatasi tu, maili elfu kadhaa mbali.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeandika: mfuniko umelegea, kishikio kilitiwa lehemu, chini pana bonde la kidole. Dele la miaka yote hiyo bila kasoro hata moja si dele la kuaminika.

MwanaKibokoni
Kishikio kweli kilitiwa lehemu. Sikuandika. Nimemwandikia mnunuzi usiku huu, nikamwambia kuwa akitaka kujitoa ni haki yake.

DadaNyali
Umefanya vyema. Hebu sasa tuseme nauli, maana kuna waliotazama wakakimbia hapo. Kampuni za usafirishaji hazipimi uzito peke yake. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5,000. Sanduku la 40 kwa 30 kwa 30 ni kilo 7.2 kwa hesabu yao, hata kama dele lina kilo mbili. Uliandika nauli ngapi?

MwanaKibokoni
Dola 74. Nilitia kwenye sanduku kubwa ili lisipate kugongwa.

DadaNyali
Basi mimi nimeshapata jibu langu. Dola 5 na 74 si dola 5. Punguza sanduku, funga kwa nguo na karatasi, na uulizie bei ya Posta pia. Kuna jaribio la Hossain na Morgan walilouza sidii na michezo ya Xbox kwa mnada, wakakuta bei ya kuanzia ikiwa chini na nauli juu, watu hutia madau zaidi, kana kwamba hawaitazami nauli. Lakini hivyo ni vitu vidogo, nauli ya dola chache. Kwa 74 hakuna asiyetazama.

Nahodha77
Kwa hiyo sasa ni bei, saa, ukwaju, kichwa, lehemu au nauli? Kila mtu ana ugonjwa wake na dawa yake.

MwalimuHesabu
Ongeza wa saba: ugeni. Akaunti yake haina hata sifa moja. Paul Resnick na wenzake walifanya jaribio na muuzaji mzoefu wa kadi za posta za zamani. Kadi zinazofanana, nyengine akauza kwa jina lake la siku zote, nyengine kwa majina mapya yasiyo na historia. Jina la zamani lilipata asilimia 8.1 zaidi.

MtotoWaLikoni
Asilimia nane haitoi dele kutoka 100 hadi 5, Mwalimu.

MwalimuHesabu
Kweli haitoi. Hapo umenifunga.

Fundi_Makupa
Msimkatishe tamaa. Kila kitu kina mtu wake. Hiyo eBay yenyewe mwanzilishi aliianzisha ili mchumba wake apate kuuza vile vitunzio vyake vya peremende.

DadaNyali
Fundi, kisa hicho kilitungwa na watu wa uhusiano wa kampuni ili magazeti yapate hadithi. Pierre Omidyar alifungua mtandao mwaka 1995, na kitu cha mwanzo kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, dola 14.83. Akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama anajua kwamba haifanyi kazi. Akajibiwa kuwa anakusanya zilizoharibika.

Fundi_Makupa
Si ndiyo nimesema, kila kitu kina mtu wake.

MwanaKibokoni
Wapendwa, nimerudi baada ya wiki tatu. Dele limefika. Nimeona niwaletee jibu la mnunuzi kwa sababu limenichanganya zaidi.

Ni mzee wa Scotland. Aliwahi kufanya kazi Mombasa ujanani na kila jioni akinywa kahawa kwa muuza kahawa. Habari ya lehemu haikumsumbua, anasema la yule muuza kahawa pia lilikuwa na lehemu. Nilimuuliza alilipataje. Anasema aliandika "Kenya" na birika kwa Kiingereza, neno la dallah hajawahi kulisikia. Na kilichomvuta ni kule kung'aa, maana yeye aliyakumbuka yakiwaka hivyo mkononi mwa mwenyewe. Kikomo alichokuwa ameandika ni dola 60. Kisha akanitumia 40 za ziada bila kuombwa, na kuniandikia sifa yangu ya kwanza.

MzeeSarafu
Allah ambariki. Lakini huyo si mkusanyaji, huyo ni mwenye kumbukumbu. Wakusanyaji walipita. Neno langu la ukwaju liko pale pale.

BiLeso
Na langu la kichwa liko pale pale. Mmoja alikuja kwa birika, waliokuwa wanatafuta dallah hawakuliona.

Nahodha77
Sitini! Ungeanzia 55 ungepata 55 na mtu yule yule.

MwalimuHesabu
Kwa mnada huu, ndiyo. Lakini hilo unalijua baada ya kufungua sanduku la siri.

MwanaKibokoni
Pesa nimezipeleka kuulizia Ngomeni, nimeambiwa niwaletee picha, sijazitangaza. Sinia moja ndilo nililofungua jana usiku. Sikulisugua. Bei ya kuanzia 20, nimegawa tofauti kati ya Nahodha na Dada. Kichwa kina majina yote. Sanduku bapa, nauli imeshuka. Nyufa ya ukingoni nimeipiga picha na shilingi pembeni. Linafungwa Jumapili saa tano ya usiku.

BiLeso
Sinia lenyewe ni lile la nakshi ya nyota katikati? Kama ndilo, usilinadi, mwanangu. Niletee Biashara Street nilione, nitakupa bei nzuri na nauli huna.

MwanaKibokoni
Ndilo, bi mkubwa. Ila mnada ushafunguliwa, na asubuhi hii limeingia dau. Siwezi kuliondoa sasa. Karibu utie lako.

BiLeso
Haya. Nitumie kiungo. Saa tano ya usiku nitakuwa macho.